Karatasi ya fundi siyo amri

Watu wengi wakipeleka gari gereji wanarudi na karatasi, na mara nyingi hiyo karatasi ndo inaumiza nyumba kuliko hata ubovu wenyewe. Gari iliingia kwa sababu ya mlio mmoja tu upande wa mbele kulia, inataka kutoka na orodha ndefu, breki pedi, diski, shokapu mbili, bushi, injini maunti, rejeta inavuja kidogo, betri imechoka, AC haina gesi, alafu chini kabisa kuna jumla ambayo inameza kila kilichobaki mpaka mshahara mwingine. Fundi anafuta mikono anauliza, mama, tuanze kazi? Wewe umesimama pale na funguo, muda wa kumchukua mtoto shule umefika, na kichwani kuna majibu mawili tu, fanya yote yaishe, au acha kabisa nitarudi. Ukisema fanya yote umeondoka na kodi ya nyumba. Ukisema acha kabisa umeondoka na gari ile ile yenye breki zilizokwisha, na humo humo ndo unaenda kumpakia mtoto.

Kuna jibu la tatu, na ndo hilo nataka kuliongelea kwa kirefu, maana naona familia nyingi zenye kipato cha kubana zinateseka na hili jambo kimyakimya. Jibu lenyewe ni hili: fundi, naomba uniandikie yote, kila kitu na bei yake pembeni, spea peke yake na ufundi peke yake, kesho nakupa jibu. Basi. Karatasi inakuja nyumbani inawekwa mezani, watoto wakishalala mnakaa nayo wawili na kalamu. Pale mezani hamna mtu anayekusubiri, hamna gari iliyonyanyuliwa kwenye jeki, hamna foleni nyuma yako, kuna orodha tu na orodha inakatwa.

Sisi nyumbani tunaikata kwa maswali mawili. La kwanza, hiki kitu tukikiacha kinaweza kutuua sisi au mtu mwingine barabarani? La pili, tukikiacha kitazaa ubovu mwingine mkubwa kuliko huu? Kinachopata ndiyo kwenye swali la kwanza kinafanywa kabla gari haijatembea tena. Kinachopata ndiyo kwenye la pili kinafanywa mapema, na kama hela haipo basi gari inapumzika mpaka ipatikane. Kisichopata ndiyo kokote kinasubiri, hata mwaka mzima, na mtu asikutie aibu kwa hilo. Gari yenye redio iliyokufa na kioo cha nyuma kisichoshuka lakini breki zake zinashika ni gari nzima kabisa kwa familia inayohesabu hela.

Kwenye kundi la kwanza weka breki, tairi, na kila kinachoshikilia magurudumu na usukani. Breki nazijua kwa macho siku hizi kwa sababu kuna fundi mmoja mzee alinichomolea pedi akaniwekea kiganjani. Upande mmoja ni kibati cha chuma, upande wa pili ile sehemu ya kusagika, na kwenye hiyo ya kwangu sehemu ya kusagika ilikuwa imebaki nyembamba kuliko kibati chenyewe, alafu pembeni kulikuwa na kijichuma kidogo kimejikunja, ncha yake inang'aa kwa kusuguliwa. Hicho kijichuma, akaniambia, kimewekwa makusudi, pedi ikikaribia kuisha kinagusa diski, lile sahani la chuma linalozunguka na gurudumu, kinapiga ule mlio mwembamba wa kukera, hapo gari inakuambia mapema, mama usikie. Pedi mpya kwa magari mengi ina unene wa kama milimita 10 hadi 12, ikifika 3 hivi inatakiwa itoke. Ukivuka hapo chuma kinaanza kusaga chuma na diski nayo inaingia kwenye bili, kwahiyo breki zinapata ndiyo kwenye maswali yote mawili na sisi hata hatuzijadili, zinafanywa. Ila pedi zinabadilishwa jozi, kushoto na kulia wa ekseli moja kwa pamoja, hazilazimishi kubadilisha za mbele na za nyuma siku moja, za mbele karibu kila mara zinaisha kwanza kwa sababu ukifunga breki uzito wa gari unakimbilia mbele. Ukiambiwa zote nne, omba kuonyeshwa zote nne.

Na mafuta ya breki, watu wanayasahau kabisa. Yale mafuta yananyonya unyevu kutoka hewani taratibu, hata gari isipotembea. Mafuta ya DOT 4, ambayo ni aina mojawapo ya mafuta ya breki, yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke mpaka angalau nyuzi joto 230, yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155, na ukiwa unashuka mlima mrefu na gari imejaa watoto na mizigo breki zinafika joto kubwa sana. Yakichemka yanatoa mapovu, pedali inazama mpaka chini na gari haisimami. Watengenezaji wengi wanashauri kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 hivi, na ukilinganisha na vitu vingine kwenye karatasi hii kazi ni ndogo sana, hii usiikate.

Tairi zina siri yake. Ulaya na Uingereza sheria inataka kina cha michirizi kisipungue milimita 1.6, lakini kwenye maji tairi inaanza kupoteza nguvu ya kushika kabla hujafika huko. Alafu angalia umri, ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa yale maandishi yanayoanza na DOT, ikiwa 3519 maana yake ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Hii ni muhimu sana kwa sisi tunaonunua tairi za mtumba, maana tairi inaweza kuwa na michirizi ya kupendeza kabisa kumbe imekaa stoo miaka na mpira umeshakauka, ukipinda unaona vinyufa vidogo vidogo. Muuzaji mkweli hakatai uisome hiyo namba.

Huku kwenye miguu, yaani vyuma vinavyobeba magurudumu, ndo kuna utata kidogo, kwa sababu kwenye karatasi vinaandikwa kwa mkupuo kama vitu vya aina moja, bushi, stabiliza linki, bol jointi, tai rodi endi, shokapu. Havilingani hata kidogo. Stabiliza linki ikigonga inakera tu masikio kwenye matuta, unaweza ukaishi nayo wakati unajipanga. Bol jointi ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari ukiwa kwenye mwendo. Tai rodi endi ikiachia usukani hauongozi tena gurudumu. Kwahiyo usikubali neno "miguu imechoka", uliza ni kipi hasa, mwambie fundi ainyanyue gari alishike gurudumu alitikise mbele yako, juu na chini alafu kushoto na kulia, ukiona lina mchezo hata wewe usiye fundi utauona. Shokapu ziko katikati, zinavuja oili kidogo leo gari haitaanguka kesho, lakini zikifa kabisa tairi inaruka ruka badala ya kushika lami na kufunga breki kunachukua mita nyingi zaidi, kwahiyo hizo sisi tunaziandikia tarehe, hatuziachi zielee tu.

Sasa kundi la pili, na hapa ndo familia zinapoteza hela nyingi kuliko popote, kwa kuacha kitu kidogo kwa sababu gari bado inatembea. Chukua rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Paipu ya mpira imepasuka kidogo, kulanti, yaani maji ya kupoza injini, inapungua, mtu anaongeza maji kila asubuhi na maisha yanaendelea, mpaka siku moja kwenye foleni jua kali mshale wa joto unapanda. Injini nyingi za sasa silinda hedi yake, kile kipande cha juu ya injini, ni ya aluminiamu, ikichemka inapinda, gasketi ya hedi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka rangi ya maziwa, na paipu ambayo ingebadilishwa ndani ya nusu saa imekuwa kazi ya kufungua injini. Kwahiyo mshale ukipanda usijikaze ufike nyumbani. Zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama mtaungua humo ndani maana inavuta joto kutoka kwenye injini, tafuta pembeni usimame uzime. Na kifuniko cha rejeta usikiguse ikiwa ya moto, yale maji yako kwenye presha na yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua tu yanachemka hapo hapo na kuruka usoni. Watu wameungua vibaya kwa hili jambo, waambie na watoto wakubwa.

Oili hivyo hivyo. Taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la birika, maana yake presha imeshuka mno au hakuna, na injini bila presha ya oili inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Hiyo taa haina mjadala, unazima. Lakini kabla ya taa kuna kijiti cha kupimia ambacho ni bure, gari ikiwa imesimama mahali tambarare na imepumzika dakika kadhaa, unachomoa, unafuta, unarudisha, unachomoa tena unasoma. Sisi tumeifanya kazi ya Jumamosi asubuhi na binti yetu mkubwa ndo anaifanya, anaandika kwenye daftari la gari, na ile hali ya kuona oili imeshuka mapema kabla haijawa balaa imetuokolea hela ambazo siwezi hata kuzikadiria.

Alafu kuna taimingi belti, huu ni mkanda wa mpira ndani ya injini unaopangilia valvu na pistoni zisikutane. Siyo kila gari inao, nyingine zina cheni, kwahiyo cha kwanza ujue yako ina nini, kitabu cha gari kinasema. Kama ni mkanda utakuwa na kikomo chake, kwa magari mengi ni kama kilomita 100,000 na kuna wengine wanataja na miaka, na tabu yake ni kwamba mara nyingi haupigi kelele kabla haujakatika. Kwenye injini nyingi ukikatika ukiwa kwenye mwendo valvu na pistoni zinagongana na hapo unanunua injini. Umenunua gari mtumba na hamna anayejua mkanda ulibadilishwa lini, uhesabu haujabadilishwa. Najua inauma kulipia kitu ambacho kinafanya kazi vizuri, lakini kama kuna pahali pa kuvunja kibubu ni hapa.

Hapo hapo nikupe jambo lingine la kuuliza gereji, nalo ni kuhusu kazi zinazokaa pamoja. Kwenye injini nyingi ukishafungua mpaka ukafika kwenye taimingi belti, pampu ya maji iko hapo hapo mbele yako. Ufundi umeshaulipa. Ukiiacha pampu ya zamani alafu ikaanza kuvuja miezi michache baadaye, unalipa ule ufundi wote upya. Klachi ni hivyo hivyo, gia boksi ikishashushwa badilisha na rilizi beringi, ile inayosukuma klachi, na waangalie sili ya nyuma ya injini kama inavuja. Kwahiyo kuna wakati kukata orodha kwa busara maana yake ni kuongeza kitu, swali la kumuuliza fundi ni, ukishafungua hapo, ni nini kingine kitakuwa wazi?

Kundi la tatu sina maneno mengi. AC, redio, kioo cha umeme, mlango unaofunguliwa kwa nje tu, bampa iliyochubuka, kava za viti, taa ya ndani, subiri. Ila kama mna mtoto mchanga au mgonjwa na mnaishi kwenye joto kali AC inaweza kupanda daraja, kila nyumba inajijua.

Kuna kitu kinaitwa taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa, hii imekula hela za watu wengi kwa sababu inatisha na haisemi tatizo ni nini. Inaweza kuwa kifuniko cha tenki la mafuta hakijafungwa vizuri, inaweza kuwa koili, inaweza kuwa kitu kikubwa. Ikiwaka bila kupepesa una muda wa kupima, ikipepesa maana yake kuna silinda inayokosa kuchoma vizuri na petroli mbichi inaenda kuunguza katalitiki konveta, ile sehemu ya kwenye bomba la moshi inayosafisha moshi na ambayo ni ghali mno, hapo punguza mwendo usimame. Magari yote yanayouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na ya petroli Ulaya tangu 2001, yana soketi ya matundu 16, mara nyingi chini ya usukani, unachomeka kifaa kidogo, simu inasoma kodi, yaani namba ya kosa. Kifaa chenyewe siyo ghali, hata mkinunua familia mbili tatu mkashirikiana inatosha. Lakini sasa sikiliza, kodi siyo spea. Kodi P0420 inasema katalitiki konveta haifanyi kazi inavyotakiwa, haisemi nenda kanunue konveta, kuna wakati shida ni bomba la moshi kuvuja au sensa ya oksijeni imechoka. Fundi anayesoma kodi akakuandikia spea palepale bila kupima chochote anabahatisha kwa hela yako. Mwambie kwa heshima, fundi naomba tupime kwanza, nitalipia upimaji. Kulipia upimaji watu wanaona ni hasara kwa sababu huondoki na kitu kipya, mimi naona ni hela nzuri kuliko zote unazoacha gereji.

Heshima nimeitaja kwa sababu naamini hivyo. Mafundi wengi ninaowajua ni watu wa kazi, wanaandika orodha ndefu kwa sababu wameona vitu kweli na wanaogopa gari ikikuharibikia njiani utasema hawakukuambia. Mwambie ukweli, fundi bajeti yangu ni hii, ingekuwa gari ya mke wako ungeanza na nini? Hili swali linabadilisha mazungumzo kabisa. Wengi wataikata wenyewe ile orodha. Omba pia spea za zamani zikitolewa urudishiwe, siyo kwa kumshuku, ni kwa sababu ukishaona kilichotoka unajifunza, na mwenye nia mbaya akijua unazitaka anajirekebisha. Na ikiwa ni kazi kubwa, injini au gia boksi, pata maoni ya fundi wa pili ambaye hajui wa kwanza alisema nini, usimwonyeshe karatasi, mwambie dalili tu.

Spea used au mpya? Mimi naangalia kitu chenyewe. Mlango, kioo, taa, bampa, hata oltaneta inayochaji betri na stata inayowasha injini kutoka gari iliyovunjwa zinaweza kukusogeza miaka, mradi zipimwe kabla hazijafungwa. Breki pedi used sitaki kusikia, wala mikanda, wala mipira ya breki, wala eabegi, vitu ambavyo kazi yake ni kuokoa roho au vinazeeka kwa ndani usivyoviona, hivyo nunua vipya. Na vipya siyo lazima viwe na nembo ya mtengenezaji wa gari, kuna makampuni yanatengeneza spea zile zile zinazofungwa kiwandani na wanaziuza kwenye boksi lao kwa bei nafuu. Cha kuogopa ni feki iliyovaa boksi la orijino. Ukiona bei iko chini sana kuliko maduka mengine yote na maandishi kwenye boksi yana makosa, rudisha mkono mfukoni.

Tuje kwenye hela yenyewe sasa. Nilipochukua risiti zetu za gari nikazipanga kwa tarehe niliona kitu ambacho kimebadilisha bajeti yetu, vingi tulivyokuwa tunaviita dharura vilikuwa na tarehe yake. Betri inaishi kama miaka 3 hadi 5. Tairi unaona zikiisha. Pedi zinaisha. Plagi, mkanda, mafuta ya breki, oili, vyote vina kilomita zake vimeandikwa kwenye kitabu. Hata betri unaweza kuipima na kile kimita kidogo cha umeme, gari ikiwa imelala usiku kucha ikisoma karibu volti 12.6 imejaa, ikiwa inashuka shuka kuelekea 12 kila asubuhi anza kujipanga, alafu ukiwasha injini isome kati ya 13.7 na 14.7 hivi, isipofika hapo tatizo linaweza kuwa oltaneta na ukinunua betri mpya nayo itakufa. Kwahiyo tukachukua jumla ya mwaka, tukagawanya kwa 12, na hicho kiasi kinatoka kila mwezi kinaenda pembeni kwenye akaunti isiyo na kadi, gari ikiwa nzima au mbovu. Miezi ambayo hatukuweza tuliweka nusu, hata robo. Mfuko bado ni mdogo, sitaki kudanganya mtu, lakini orodha ikija sasa hivi angalau kundi la kwanza halitukuti mikono mitupu.

Na kama mfuko haujaanza na gari imekufa leo? Ongea na gereji kabla hujaongea na mkopo. Gereji nyingi ndogo zinakubali ulipe spea leo na ufundi kwa awamu, hasa kama wanakujua, muandikishane tu. Kazini kwako kunaweza kuwa na mkopo wa mshahara usio na riba kubwa. Mikopo ya haraka ya kwenye simu iogope, piga hesabu hii: umekopa 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, hukulipa, riba inaingia juu ya riba, baada ya miezi 6 deni ni 177. Kwa tofauti hiyo ungeiacha gari ipumzike mkapanda basi wote, na hapo lazima mfanye hesabu ya kweli, nauli za familia nzima kwa mwezi ni kiasi gani, na gari ikitembea inakula mafuta, maegesho na bima kiasi gani. Kuna nyumba zitakuta gari kupumzika mwezi mmoja ndo kunailipia spea yenyewe. Kuna nyingine, mwenye kazi ya usiku au mwenye mzazi anayeenda kliniki kila wiki, hazina huo ujanja, na huyo simwambii apande basi, huyo akate kila kitu kingine kwanza.

Haya mazungumzo yafanyike wawili. Nimeona ndoa zinaumwa kwa sababu ya gari, mmoja anaendesha, mwingine analipa, anayeendesha anasikia mlio anauficha kwa sababu anajua hela hamna na hataki ugomvi, anayelipa anakuja kushtukia siku gari imevutwa. Mume wangu tulikubaliana kwamba mlio unatajwa siku ile ile unaposikika, bila lawama, hata kama hatutafanya chochote mwezi huo. Baba watoto, gari inalia nikikata kona kushoto. Sawa mama, iandike. Basi, inaandikwa kwenye daftari, kona gani, mwendo gani, baridi au moto, na hayo maelezo ukimpelekea fundi yanapunguza muda wa kutafuta ambao ungeulipia.

Swali gumu kuliko yote ni lini uachane nayo. Watu wanasema bili ikizidi thamani ya gari basi uza, mimi sikubaliani nalo moja kwa moja, kwa sababu thamani ya kuuza haikupeleki kazini. Linganisha bili na hicho utakachokipata kwa hela hiyo hiyo mahali pengine. Kama bili ya leo itanipa mwaka mzima wa kutembea, na hela hiyo ingenipatia tu gari nyingine mtumba nisiyojua historia yake, bora yangu ninayoijua. Na hela ulizoweka mwaka jana zisikuamulie, zimeshaenda, hazirudi ukitengeneza wala ukiuza. Lakini kukiwa na kutu kwenye chesesi na sehemu zinazobeba miguu, au injini na gia boksi vimeanza kuondoka pamoja, hapo hata mimi naiweka sokoni kama ilivyo na kumwambia mnunuzi ukweli wote.

Mwisho kabisa, kwa wale ambao mmeamua ipumzike wakati mnatafuta hela, isiachwe tu pale. Jaza upepo kwenye tairi maana zikikaa na upepo mdogo zinaharibika sehemu moja. Chomoa waya wa hasi kwenye betri, ila kwanza hakikisha una namba ya siri ya redio na milango haitajifunga na funguo ndani. Handibreki usiikaze kama iko mahali tambarare, pedi zinaweza kugandana na diski, weka mawe chini ya magurudumu. Funga madirisha, angalia panya kwenye injini maana wanapenda kula nyaya. Na bima, wapigie uwaulize kama wanaruhusu kushusha kiwango gari ikiwa haitembei, wengine wanakubali na hiyo tofauti unaitupia kwenye mfuko wa spea.